Hotuba Juu ya Kunenepesha Ng'ombe na Dawa za Kukuza Mwili

(Maneno yaliyosemwa Bariadi mbele ya wafugaji na wanenepeshaji wa ng'ombe)



  Mimi si mganga wa mifugo, wala si tajiri wa ng'ombe. Kazi yangu ni ya ukarani, yaani kuandika hesabu katika daftari na kuzijumlisha. Lakini nilizaliwa katika nyumba yenye zizi, na nilishika fimbo ya kuchungia kabla sijashika kalamu. Basi nitakayoyasema leo ni ya karani na ya mchungaji pamoja. Ikiwa mzee awaye yote ataona nimekosa, na anisahihishe, nami sitaona haya.

Jambo lililonileta ni hili. Wengi wetu hapa Bariadi, na ndugu zetu wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, tumeingia katika kazi ya kunenepesha ng'ombe. Twanunua maksai waliokonda mnadani, twawafunga zizini kwa miezi mitatu hivi, twawalisha mashudu na maganda ya mbegu za pamba kutoka viwandani, kisha twawauza kwa wachuuzi wanaowapeleka Mwanza au mnada wa Pugu huko Dar es Salaam. Kazi hii ni njema, nayo yafaa nchi yetu kuliko nchi nyingine nyingi, kwa kuwa pamba ni yetu na ng'ombe ni wetu. Lakini siku hizi watu huulizana minadani, "Je, ni kweli iko dawa ya ng'ambo ya kutia sikioni, nayo humfanya ng'ombe akue upesi?" Na wengine hawakungoja jibu, wamekwisha kununua unga na vidonge wasivyovijua. Kwa hiyo nataka tulitazame jambo hili polepole, tujue ni nini, lina faida gani, lina hasara gani, na kama latufaa sisi.

Kwanza, ni kweli dawa hiyo iko. Ni vidonge vidogo sana, kama punje za mtama, vinavyosukumwa kwa sindano ya namna ya pekee chini ya ngozi, upande wa nyuma wa sikio la ng'ombe. Hapo huyeyuka kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitatu hivi, na vingine hudumu zaidi ya hapo. Ndani yake mna homoni. Homoni ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, kikapita katika damu na kuviamrisha viungo: kua, acha kukua, weka nyama, weka mafuta. Wazee wetu walijua jambo hili ingawa hawakulipa jina. Mnajua kwamba fahali hujaa shingo na mabega, lakini akihasiwa hubadilika, akawa mpole na mwenye mafuta. Sababu yake ni kwamba mapumbu ndiyo yanayotoa homoni ya uume, na yakiondolewa amri ile ya kuweka nyama hupungua. Basi twaweza kusema kwamba kidonge cha sikioni humrudishia maksai sehemu ya kile alichonyang'anywa siku ya kuhasiwa. Ndiyo maana dawa hii hutumiwa kwa maksai na kwa mitamba wa kuchinjwa, wala haitiwi kwa fahali wala kwa mtamba wa kuzaa.

Huko Marekani kazi hii ilianza kuwa kubwa mwaka 1954, waliporuhusu dawa iitwayo DES kutiwa katika chakula cha ng'ombe. Ng'ombe walikua, na watu walifurahi. Lakini dawa hiyo hiyo ilikuwa ikitolewa hospitali kwa wanawake wenye mimba, na mwaka 1971 waganga waligundua kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na akina mama hao walipata kansa ya namna iliyo nadra sana. Basi mwaka 1979 Marekani iliikataza kabisa kwa ng'ombe. Mwaka 1980 mabaki ya dawa za namna hiyo yalionekana Italia katika vyakula vya watoto vilivyotengenezwa kwa nyama ya ndama. Watu wa Ulaya waliingiwa na hofu, wakaanza kuzikataza homoni hizo, na tangu mwaka 1989 nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni.

Wamarekani nao hawakuacha. Waliiacha DES, wakaendelea na dawa nyingine, kama estradioli, zeranoli na trenboloni. Mwaka 1995 baraza la dunia la kanuni za vyakula lilipiga kura juu ya dawa hizo: 33 walikubali zitumike kwa kipimo, 29 walikataa, na 7 hawakupiga upande wowote. Nawatajia namba hizi ili mwone kwamba hata wataalamu wa mataifa hawakuwa na neno moja. Wengine wasema kwamba homoni inayobaki katika nyama ni kidogo mno, ikiwa dawa imetiwa sawasawa. Wengine wasema kwamba kitu kinachoweza kuleta kansa hakina kipimo cha usalama. Mimi karani sitawaamulia kesi hiyo. Lakini angalieni maneno haya: "ikiwa imetiwa sawasawa." Hapo ndipo mzigo ulipo.

Maana watu wa huko hawatii dawa ovyo. Hutia nyepesi kwanza, mnyama akiwa mdogo. Ile yenye nguvu huiweka mwisho, siku 80 hadi 120 kabla ya kuchinja. Wanajua kwamba yenye nguvu ikitangulia mno nyama huharibika. Husafisha sikio na sindano, kwa sababu sikio likifanya usaha kidonge hakifanyi kazi. Huangalia kidonge kisipondeke, maana kikipondeka dawa yote huingia mara moja, na maksai huanza kupandana kama wenye wazimu. Na wakati wa kuchinja, masikio hukatwa yakatupwa, yasiliwe na mtu.

Pili, faida yake ni kiasi gani? Mnyama kijana anayelishwa vizuri huongeza uzito kwa siku kiasi cha sehemu 10 hadi 20 katika 100 kuliko mwenzake asiyetiwa dawa, na chakula chake huenda mbali zaidi. Hiyo si faida ya kudharau. Lakini neno kubwa ni hilo: "anayelishwa vizuri." Homoni huamrisha, wala hailishi. Ikiuamrisha mwili uweke nyama, na mwili hauna protini ya kuifanya hiyo nyama, amri hupita bure. Ni kama msimamizi anayepaza sauti kwa mafundi ilhali hapana matofali.

Tatu, nyama yenyewe huwaje? Hapa nawaomba msikilize sana, kwa sababu wanaonunua ng'ombe wetu hula nyama, hawali uzito. Mnyama aliyetiwa dawa huweka nyama nyingi na mafuta machache. Mafuta yale membamba yaliyotapakaa ndani ya nyama, yaletayo ladha, hupungua. Na zikitiwa dawa zenye nguvu mara nyingi, nyama huweza kuwa ngumu zaidi kidogo. Ndiyo maana Wamarekani hulazimika kuwalisha muda mrefu zaidi na kuwafikisha uzito mkubwa zaidi, ili wapate nyama ya daraja lile lile.

Sasa tuwatazame ng'ombe wetu. Zebu wetu wa Usukuma ni mnyama mdogo, mvumilivu, mwenye nyama isiyo na mafuta mengi. Wengi wa maksai tunaowanunua wamelima kwa plau miaka mingi, na ukiwafungua kinywa waona meno yamekwisha kuisha. Kwa nini basi twawafunga miezi mitatu? Twataka wapate mafuta kidogo juu ya mwili, nyama ilainike, mwenye hoteli na mwenye bucha wakubali kutoa bei. Dawa ya sikioni hufanya kinyume cha hayo, kwa kuwa hupunguza mafuta. Tena faida yake kubwa huonekana kwa wanyama vijana ambao mifupa yao ingali ikikua, si kwa mzee aliyestaafu plau. Basi mwenye kumtia dawa maksai wa namna hiyo hulipa fedha ili anyang'anywe kile kile anachokitafuta.

Nne, nawapa habari ya aibu yangu mwenyewe, kwa maana mtu akificha kosa lake humwachia mwenzake alirudie. Mwaka mmoja nilinunua maksai wawili. Mtu mmoja mnadani aliniuzia unga katika kikaratasi, akasema ni dawa ya kunenepesha, imetoka nje. Kikaratasi hakikuwa na jina, wala tarehe, wala maelezo. Nilimpa maksai mmoja, wa pili sikumpa. Kwa wiki mbili yule aliyepewa alionekana kujaa, nikafurahi, nikawaita jirani zangu waje waone. Kisha akaanza kuacha chakula. Nikapima kifua chake kwa utepe kila juma, nikaandika. Mwisho wa siku 90 daftari lilinionyesha kwamba yule asiyepewa kitu amemzidi mwenzake. Mchinjaji alipomfungua yule wa dawa akaniita, akanionyesha nyama iliyolowa maji, akaniambia, "Bwana karani, hii siitaki tena." Sikumlaumu. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nami nilitaka kumwuzia yeye gunia lile lile.

Nilipata hasara ya fedha, lakini jambo lililoninyima usingizi lilikuwa jingine. Nyama ile ingeliwa na watu, na watoto wao, nami nisingeweza kumjibu mtu aliyeniuliza, "Umemlisha nini?" Jambo hili si la hapa peke yake. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Uganda ilieleza mbele ya kamati ya Bunge la huko kwamba wafugaji wengine walikuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za watu wenye virusi vya UKIMWI ili wanenepe. Fikirini: dawa ambayo mgonjwa huifuata hospitali kwa kuokoa uhai wake, yatupwa katika chakula cha nguruwe! Hapa Tanzania dawa ya mifugo yapasa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iitwayo TMDA. Isiyo na jina na isiyosajiliwa haina mwenyewe siku ya msiba. Na hata ile iliyosajiliwa, kama ya kuua wadudu au ya kutibu homa, ina siku zake za kungoja kabla ya kuchinja, nazo zimeandikwa katika karatasi yake. Tusizivunje kwa sababu lori la mchuuzi limefika.

Tano, tufanye nini basi? Hapa ndipo karani anapofungua daftari. Tuseme una maksai wa kilo 220. Kila siku anakula kilo 6 za chakula kikavu. Kwa siku 90 ni kilo 540. Tuseme anaongeza kilo sita za kumi kwa siku, yaani nusu kilo na kidogo. Kwa siku 90 ni kilo 54. Basi kila kilo moja ya uzito imekula kilo 10 za chakula. Sasa tumpe dawa ya sikioni iliyo halali kabisa, na tukubali kwamba imeongeza sehemu 15 katika 100. Kilo 54 zitakuwa kilo 62. Faida ni kilo 8 za mnyama mzima, na kwa kuwa zebu akichinjwa hutoa nyama na mifupa kiasi cha nusu ya uzito wake, faida yako ni kilo 4 buchani.

Nawauliza sasa, ni nani kati yetu anayelisha chini ardhini, ng'ombe wakakanyaga chakula na kukinyea? Mtu anayepoteza kilo moja tu kila siku kwa kila maksai, kwa siku 90 amepoteza kilo 90 za chakula, nazo kwa hesabu yetu ni kilo 9 za uzito. Basi hori la mbao lamletea mtu zaidi ya dawa ya ng'ambo! Tena, maksai wa kilo 274 akipakiwa bila kupumzika na bila maji, akipigwa fimbo, akisimama katika lori mpaka Pugu, akapoteza kilo 5 tu katika kila 100, amepoteza kilo 13 na zaidi. Kwanza hutoka maji na kinyesi, baadaye huliwa nyama yenyewe. Na kila pigo la fimbo huacha damu ndani ya nyama, ambayo mchinjaji huikata akaitupa. Twatafuta kilo 8 katika sikio, na huku twazimwaga 13 njiani.

Basi ushauri wangu ni huu.

Chagua vizuri mnadani. Mtafute mnyama mwenye umbo kubwa aliyekonda kwa njaa, si kwa ugonjwa. Tazama meno yake, macho yake na kinyesi chake. Mnyama kijana aliyekosa chakula wakati wa kiangazi, akilishwa vema, hukua kwa haraka ya ajabu, kana kwamba analipa deni. Hiyo ndiyo dawa ya kukuza aliyoitia Mungu mwenyewe, nayo haiuzwi katika kikaratasi. Na mwenye ndama asiwaache wadumae: wazee wetu walitufundisha kutunza ngitili, majani yakahifadhiwa mpaka kiangazi. Mwenye ngitili huanza kunenepesha miaka miwili kabla ya zizi.

Siku za kwanza mpe dawa ya minyoo, mwogeshe kupe, na mzoeze chakula polepole kwa siku 10 hadi 14. Akijazwa mashudu na pumba siku ya kwanza, tumbo huvimba, naye huweza kufa kabla hujamjua jina.

Changanya chakula kwa kipimo. Mfano mmoja wa kilo 100 ni huu: maganda ya mbegu za pamba kilo 45, pumba za mahindi kilo 28, mashudu ya pamba kilo 25, chumvi kilo 1 na unga wa mifupa kilo 1. Maganda hujaza tumbo, pumba hutia nguvu, mashudu hutia protini. Wengi wetu hutoa maganda matupu kwa kuwa ni rahisi, kisha twalalamika kwamba ng'ombe hakui. Mtu naye akila makapi hanenepi. Tena mashudu yawe makavu, yasiwe na ukungu. Ndama wadogo wasipewe, kwa kuwa mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huistahimili lakini ndama hawezi.

Maji yawepo mchana kutwa. Kivuli kiwepo. Zizi liwe kavu.

Mwisho, andika. Siku uliyomnunua, bei, uzito au kipimo cha kifua, chakula, dawa na tarehe yake, na bei ya kuuzia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari hilo si kwa ajili ya faida peke yake. Nyama ya Tanzania huuzwa katika nchi za Uarabuni, na wanunuzi wa nje huuliza mnyama alikula nini na alitibiwa kwa nini. Nyama iuzwayo Umoja wa Ulaya, kama ile itokayo Namibia na Botswana, yapasa kuwa ya mnyama asiyetiwa homoni ya kumkuza. Basi jambo ambalo mwenzetu wa Marekani ameliacha, yaani nyama isiyo na dawa, sisi tunalo tayari bila gharama. Je, tuliuze kwa kikaratasi cha unga?

Bwana Mwenyekiti, sisemi kwamba elimu ya ng'ambo ni mbaya. Ikiwa siku moja wataalamu wetu wataijaribu dawa ya sikioni kwa ng'ombe wetu, kwa chakula chetu, wakaipima na kuiruhusu, nasi tutaisikiliza. Lakini utaratibu ni mmoja: kwanza chakula, maji, hori na daftari, dawa, ikiwa ipo, ije nyuma. Anayeanza na dawa huanza na paa kabla ya msingi.

Kesho asubuhi kila mtu na aende zizini kwake, atazame chakula kilichokanyagwa chini, akikusanye, akipime. Ukiona ni kilo moja, jua umekwisha kuipata dawa uliyokuwa ukiitafuta.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo.